Maji ya Mtu wa Saba

Barua yenyewe ilikuwa ya kurasa mbili. Niliiandika asubuhi moja kabla ya kipindi cha saa nne, nikaigonga muhuri wa idara, nikaituma, nikaenda kufundisha. Kaunti ilitaka kujua kama kuna sababu yoyote ya kihistoria ya kutoubomoa ukuta wa udongo wa silanga ya Kavingoni, kusini mwa Mutomo, ili bwawa hilo la maji lipanuliwe. Nilijibu kwamba hakuna. Nilieleza kuwa silanga ilichimbwa mwaka 1941, wakati wa vita, kwa kazi ya lazima. Uvumi kwamba kuna watu waliofukiwa ndani ya ukuta hauna ushahidi, nikasema, na daftari la karani wa kazi, nililolisoma kwa macho yangu, linasema waziwazi: watu saba wametoroka. Halikutaja majina. Nikawaelekeza kwenye kitabu changu, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, nikatia sahihi: Dkt. Wavinya Mwau.

Mimi ni mtu wa haraka, heri niseme mapema. Nilizaliwa Nunguni kwenye baridi, ambako ukisimama sana unaganda. Wanafunzi wangu huniita Daktari Twende, kwa sababu mtu akizungukazunguka darasani namwambia, "Twende, twende." Nililijua jina hilo na lilinifurahisha.

Alhamisi simu ikalia nikiwa ofisini.

"Ni Daktari Wavinya?"

"Ndiye."

"Mimi ni Nzilani, msichana wa Kalondu, wa Kavingoni. Ulikuja kwetu na kaseti mwaka ya tisini na nane. Nilikupikia chai."

Chai sikuikumbuka. Mama yake nilimkumbuka. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa miaka ishirini na sita, ninatembea na kinasa sauti kutoka boma hadi boma nikitafuta wazee walioona kazi ya lazima. Kalondu alikuwa na miaka kama sabini, mwanamke mrefu aliyekaa kwenye kigoda mgongo wima, na alichelewa sana kufika kwenye jambo.

"Tingatinga inakuja Jumatatu," Nzilani akasema. "Wamesema barua yako ndio imemaliza maneno."

"Pole, mwaitu, mama yangu, lakini kulingana na ushahidi..."

"Ngoja nimalize, Daktari. Mama alikuambia. Wale watu hawakutoroka, udongo uliwaangukia. Mjomba yake alikuwa hapo akaona, na akakatazwa kusema. Kabla akufe ndio aliachia mama majina. Na mama akakutajia wewe, wote, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa kwa mlango ya jiko, sikusikia, lakini niliona mdomo yake ikienda."

"Na wewe hakukutajia?"

"Nilimwuliza mpaka nikachoka, mpaka akakufa. Alisema majina ya watu wamekufa hivyo hutajwa mara moja. Alisema ameshataja kwa yule msichana wa kaseti, na ameandika."

Nilimwambia kwamba nilikuwa nimeisikiliza kaseti ile. Akasema nisikilize tena, akakata simu.

Nisingependa kueleza nilivyokuwa nimeisikiliza, ila hadithi haiendi bila hilo. Mwaka huo nilikuwa na kaseti arobaini na nne na miezi mitano ya kuandika. Nilikuwa na orodha ya maswali, na kwenye kila kaseti nilitafuta majibu ya maswali yangu. Kalondu alipoyajibu, niliyaandika. Alipoingia kwenye mambo yake mwenyewe nilisogeza mkanda mbele. Tena nilikuwa na daftari la karani, la mwandiko mzuri, lenye tarehe. Tulifundishwa kupima neno la bibi kizee kwa karatasi. Kupima karatasi kwa neno la bibi kizee, hilo hakuna aliyetufundisha, na mimi sikuuliza.

Ijumaa mchana nilishusha katoni kutoka juu ya kabati. Kaseti namba thelathini na moja ilikuwa nzima. Nilivaa vipokea sauti, jua likinipiga mgongoni kupitia dirishani, nikabonyeza.

Jogoo. Mbuzi. Halafu sauti yangu, nyembamba, ya msichana mwenye safari, ikitaja tarehe, mahali na jina. Tuliongea Kikamba. Nikamsikia Kalondu akianza kueleza baba yake Kaloki alivyoondoka nyumbani na jembe begani kwenda kuchimba silanga, nami namwuliza ng'ombe walikuwa wangapi. Akasema kuna siku ukuta ulilala juu ya watu. Nikasema, "Tutarudi hapo, susu," nikimwita bibi. Akasema mjomba wake alikuwepo. Nikasema, "Vizuri, tutarudi hapo." Niliyahesabu maneno hayo kwenye upande mmoja wa mkanda. Nilimwambia mara kumi na nne kwamba tutarudi.

Sikurudi hata mara moja.

Lakini yeye hakungoja. Mahali nilipoanza kuuliza habari za chakula cha vibarua, swali refu lenye vipande vingi, niliongeza sauti, na chini ya maneno yangu nikamsikia anaendelea. Polepole, kama mtu anayepanga vyombo. Mulinge wa Ngului. Mutua wa Nthenge. Kati ya jina na jina alivuta pumzi. Nami juu yake ninaendelea na mahindi na maharage. Kilonzo wa Mbuvi. Musyoka wa Ileli. Nilirudisha mkanda, nikaandika, nikarudisha tena. Ndeto wa Kimwele. Nzioka wa Syengo. Hao sita walipenya, kila mmoja katika nafasi ndogo niliyovuta pumzi mimi.

Halafu sauti yangu ikapanda, safi kabisa, karibu na kipaza sauti: "Na mvua zilianza mwezi gani, susu?"

Chini ya swali hilo kulikuwa na sauti. Ilianza na swali langu na ikaisha na swali langu. Baadaye kukawa kimya, mbuzi mmoja akalia, kisha Kalondu akajibu kwa adabu zote, "Mwezi wa kumi." Akaongeza, "Nimesema."

Nilisikiliza mahali pale mpaka jua likahama dirishani. Jina la saba halikutoka.

Jumamosi nilikuwa na darasa la walimu wanaosoma wikendi. Mmoja aliniuliza kwa nini vitabu vyetu haviwataji wanawake kwenye hadithi za kazi ya lazima. Nilikuwa katikati ya jambo lingine. "Tutarudi hapo," nikamwambia. Nilijikuta natazama pembeni mwa darasa, chini, kwenye urefu wa mtu aliyekaa kwenye kigoda. Sikuona mtu. Mimi ni mtu wa ushahidi, sitasema niliona. Lakini nilijua kuna anayengoja pale nimalize swali langu, na sikuweza kumaliza. Niliwaruhusu watoke dakika arobaini kabla ya wakati.

Tangu hapo nilianza kuisikia sauti ile nyembamba kila mahali, dukani, kwenye ngazi za idara, nikipiga mswaki: mvua zilianza mwezi gani? Niliogopa. Nina miaka hamsini na mbili, nimeogopa mambo machache maishani, na sikujua kama mtu anaweza kuogopa sauti yake mwenyewe.

Jumapili nilitoka Kibwezi, kilipo chuo, asubuhi, nikapita Ikutha, nikafika Kavingoni watu wakitoka kanisani. Nzilani alikuwa na sare ya kwaya, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mrefu kama mama yake, na mgongo ule ule. Alinipeleka moja kwa moja hadi silanga. Maji yalikuwa yamepungua, ya rangi ya chai ya maziwa, na ng'ombe walikunywa upande wa machweo. Wanawake watatu wa kwaya walikuwa wakichota. Kila mmoja, kabla ya kujaza mtungi wake, alichota kata ya kwanza, akaimwaga juu ya ukuta wa udongo, ndipo akaendelea.

Jambo hilo nililiona mwaka 1998. Liko kwenye kitabu, tanbihi ya arobaini na moja: masalia ya tambiko la mvua.

"Kwa nini mnamwaga?" nikauliza.

"Ni mazoea tu," mmoja akasema, akicheka kidogo. "Hata mke wa pasta anamwaga."

Nzilani alingoja waende. "Ni ya kunywa," akasema. "Mama alisema walikuwa wanachimba maji na walikufa na kiu. Wengine hawajui sababu. Wanafuata mama zao."



Nyumbani kwake alinionyesha kitabu changu, kimefunikwa kwa gazeti, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili umekunjwa pembe. Mwalimu wa sekondari alikuwa ameusoma mbele ya darasa, na mjukuu wake alirudi nyumbani akiuliza kama ni kweli wao ni ukoo wa mtoro. "Susu wangu aliitwa bibi ya mtoro mpaka akakufa," Nzilani akasema. "Mama akaitwa mtoto ya mtoro. Tulikuwa tumezoea. Lakini hiyo ilikuwa mdomo tu. Wewe uliweka kwa kitabu."

Kwenye kiti cha kamba kando ya mlango alikaa bibi mmoja mdogo wa mwili, karibu miaka tisini, jina lake Muthoki. Alikuwa ameletwa kwa bodaboda kutoka kijiji cha pili. Kaka yake, Muli wa Ngundo, naye alichukuliwa kwenda kuchimba silanga na hakurudi. Alikuwa mvulana, hakuwa ameoa. Wengi walitoroka kazi ile kwa kweli, wakakimbilia Mombasa wasionekane tena, ndiyo maana hakuna aliyekuwa na hakika na mtu wake. Muthoki alikuwa na miaka mitano. Alikumbuka tu kwamba kaka huyo alimkatia muwa.

"Umesikia kaseti?" Nzilani akaniuliza.

"Nimesikia. Alitaja majina, kama ulivyosema."

"Ya babu Kaloki iko?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba jina la saba halisikiki. Nilitazama ile sura yake ikifunguka, na ya Muthoki nyuma yake, nikasema, "Kesho tutaisikiliza wote pamoja." Nzilani akaenda kunipikia chai. Safari hii niliinywa yote.

Jumatatu saa tatu walikuwa wamesimamisha hema kando ya silanga. Tingatinga ya manjano ilisimama juu kidogo, dereva amelala ndani. Mhandisi alikuwa Bwana Githaiga, mtu wa Nyeri, mpole, mwenye barua yangu kwenye faili. Alifungua kikao kwa maombi, kisha akasema kwamba kwa upande wa historia, Daktari mwenyewe amekuja kuthibitisha alichoandika.

Nilisimama. Nilisema barua yangu ni ya uongo. Nilisema si uongo wa makusudi, halafu nikaona hiyo ni njia ya kujiponya, nikaiacha. Nikawaambia kwamba daftari liliandikwa na watu waliokuwa na sababu ya kuficha vifo, na kwamba nililiamini kwa sababu lilikuwa na mwandiko mzuri. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili niliuondoa kwa mdomo wangu mbele yao. Mtu wa kaunti alinong'ona na mwenzake. Nilijua habari za kikao kile zitafika chuoni kabla yangu na kuliharibu ombi langu la uprofesa lililokuwa mezani kwa watu wanaopenda vitabu visivyoyumba. Kisha nikaunganisha simu, niliyokuwa nimehamishia kaseti ile, kwenye spika ya kanisa.

Jogoo akawika, wa mwaka 1998. Mbwa wa kijiji wakasimamisha masikio.

Sauti yangu ya usichana ilitoka kubwa mno, ikapiga mwangwi kwenye ukuta wa silanga na kurudi. Watu walinitazama wakati ile sauti inamkatiza bibi kizee mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Majina yalipoanza chini yake, niliyatamka baada ya mkanda, moja moja. Mulinge wa Ngului: mzee mmoja mwenye fimbo akasimama na akabaki amesimama. Mutua wa Nthenge: wanawake wawili na mtoto mgongoni. Kilonzo, Musyoka, Ndeto, na kila mara watu wakiinuka, wengine wakifuta macho kwa leso. Nzioka wa Syengo: familia nzima kwenye benchi la nyuma.

Nzilani alikuwa ameshaanza kunyanyuka. Muthoki alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Na mvua zilianza mwezi gani, susu?"

Kimya, mbuzi, mwezi wa kumi, nimesema. Nikazima.

"Rudisha," Nzilani akasema.

Nikarudisha. Swali langu likapiga ukutani tena. Nikarudisha mara ya tatu, na mara hiyo watoto kwenye hema walilitamka pamoja na spika, mpaka mama zao wakawanyamazisha.

Githaiga alikuwa na kalamu juu ya karatasi. "Daktari, wa saba ni nani? Wewe ndio ulikuwa hapo. Ukisema, mimi nitaandika."

Aliniuliza kwa wema na angeandika chochote ambacho ningesema. Bibi yule alikuwa anataja wafu, na ni nani anayetaja wafu akamsahau baba yake? Angemweka mwisho, kama mtu anayejipakulia baada ya wageni. Niliamini hivyo na bado naamini. Nilifungua mdomo niseme Kaloki. Nikakutana na macho ya Muthoki, mekundu, yasiyopepesa, yakiniomba jina jingine. Nikakumbuka kwamba niliwahi kuamini pia kuwa walitoroka.

"Sikulisikia," nikasema. "Alilitaja na mimi nikalifunika. Siwezi kusema ni nani."

Nzilani alikaa chini. Hakulia. Alikaa tu kama mtu aliyeambiwa basi limeondoka, akatazama mikono yake. Sijawahi kuona aibu kama niliyoiona nikiwa nimesimama pale na waya wa spika mkononi.

Ukuta haukubomolewa. Familia zilikataa wafu waguswe, Githaiga akakubali, na silanga mpya ikachimbwa juu zaidi kwenye bonde. Uprofesa haukuja, na mwaka huo sikuuliza kwa nini. Oktoba jiwe likawekwa ukutani, lenye majina sita, na chini yake nafasi iliyosuguliwa laini bila herufi. Walinialika. Nilikwenda nikifikiri wanataka hotuba, na niliiandika, kurasa mbili.

Hakuna aliyeniomba hotuba. Wenye majina walikuja kwa zamu, kila ukoo na kata yake, wakamwagia mtu wao. Zamu ya sita ilipoisha, Nzilani na Muthoki walinijia wakiwa wameshikana mikono.

"Tumeongea," Nzilani akasema. "Mimi nikimwagia na si babu, nitakuwa nimenyang'anya huyu mama kaka yake. Yeye akimwagia na si kaka yake, ni hivyo hivyo. Huyu wa saba hana mtu. Ni wewe ulimchukua." Akanipa kata. "Huyu ni wako. Kila mwaka utakuja umpe maji."

"Mwaitu, mimi..."

"Usiongee."

Nilichota. Maji yalikuwa ya baridi kuliko nilivyotazamia. Nikamwaga pale chini ya jiwe, udongo ukayanywa upesi, nikabaki nimeinama na kata tupu.

"Sasa msikize," Muthoki akasema. "Labda atakuambia."

Nikasikiliza, kwa mara ya kwanza bila swali lolote mkononi. Nilingoja muda mrefu, magoti yakaniuma. Na kutoka ndani ya ukuta ule ikanijia sauti moja tu, nyembamba, ya msichana mwenye haraka, ikiuliza mvua zilianza mwezi gani.